Kabla mahakama haijaamua mtoto akae na nani, iulize kwanza nyumbani kulitokea nini

MLETA UZI

Wakuu, uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa nao moyoni muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za ustawi wa mtoto kwa ajili ya mahakama. Wazazi wakitengana na kushindwa kuelewana kuhusu malezi, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kwa baba, kwenda kwa mama, kuzungumza na mtoto, kisha kuandika kurasa chache ambazo jaji anazisoma kabla ya kuamua mtoto alale wapi na mzazi wa upande wa pili amwone lini.

Kuna sentensi moja niliyoandika ambayo sijaisahau: "Mtoto hakuonyesha hofu yoyote mbele ya baba yake." Nilikaa nao dakika 40. Binti alikuwa mtulivu, alijibu kwa adabu, na katikati ya mazungumzo aliinuka akamletea baba yake maji bila kuombwa. Niliona utii, nikaandika mapenzi. Mwaka uliofuata mwalimu wake aligundua alama mgongoni, na yule binti alipoulizwa taratibu na mtu anayeijua kazi hiyo, alieleza kwamba maji huwa anayapeleka mapema kwa sababu baba akishikwa na kiu hukasirika.

Mama yake alikuwa ameeleza mahakamani kwamba anapigwa. Maelezo hayo yalikuwa kwenye jalada lingine, kesi ya jinai, mbele ya hakimu mwingine. Mimi niliulizwa uhusiano wa mtoto na baba ukoje. Hakuna aliyeniuliza nyumbani humo kulitokea nini, nami sikuuliza.

Baadaye nilikuja kusoma ripoti ya mwaka 2020 ya jopo lililoundwa na Wizara ya Sheria ya Uingereza kuchunguza kesi za watoto katika mahakama za familia za England na Wales. Wanaeleza kitu hichohicho: polisi, mahakama ya jinai, mahakama ya familia na maafisa wa ustawi kila mmoja anafanya lake peke yake, rasilimali hazitoshi, wazazi wanapambanishwa kama mahasimu, na juu ya yote kuna mazoea ya kutaka mtoto aonane na wazazi wote wawili karibu kwa gharama yoyote. Niliposoma niliona aibu, kwa sababu niliyaona mazoea hayo kwenye taarifa zangu mwenyewe.

Maneno yanayobeba mazoea hayo mnayajua: "Mume mbaya anaweza kuwa baba mzuri." Nimeyasikia kwa mawakili, kwa ndugu, kwa majaji wenye nia njema kabisa. Yanasikika ya haki, lakini mtoto anaishi ndani ya nyumba hiyohiyo. Anasikia ukutani. Anajua hatua za miguu zinazoashiria usiku mbaya. Sheria za nchi kadhaa zimeshalitambua hilo. England na Wales, kwa sheria ya mwaka 2002, zilipanua maana ya madhara kwa mtoto ili yaingie pia madhara ya kuona au kusikia mtu mwingine akitendewa vibaya. Sheria yao ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2021 ikaenda mbele zaidi: mtoto anayeona, anayesikia au anayeguswa na athari za ukatili huo ni mwathirika mwenyewe, hahesabiwi shahidi tu. Kanada nayo iliirekebisha sheria yake ya talaka ili ukatili wa kifamilia uzingatiwe katika malezi, na marekebisho yakaanza kutumika Machi 2021. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Barendregt dhidi ya Grebliunas, ikasema wazi kwamba hoja ya kuwa ukatili kwa mzazi mwenza hauhusiani na uwezo wa kulea haina mashiko.

Mkiona naongea kana kwamba ni mambo ya karatasi tu, someni kesi ya Ángela González Carreño wa Hispania. Alimkimbia mumewe, akapeleka malalamiko zaidi ya 30, akiomba yeye na bintiye walindwe. Mwanzoni ziara za baba zilikuwa chini ya usimamizi. Baadaye mahakama ikaruhusu ziara bila msimamizi. Aprili 2003, katika ziara mojawapo, baba alimuua mtoto wa miaka 7, kisha akajiua. Mwaka 2014 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Hispania ilishindwa wajibu wake, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamuru mama alipwe fidia ya euro 600,000. Fidia ilikuja miaka 15 baada ya mazishi.

Sasa, ombi langu kwa yeyote anayehusika na kesi hizi, awe jaji, wakili, afisa au mzazi, ni la mpangilio tu. Usalama uamuliwe kwanza, ziara baadaye. Mzazi mmoja akidai kuna ukatili, mahakama ichunguze madai hayo na kuyatolea uamuzi kabla ya kupanga wikendi. Tukipanga wikendi kwanza, uchunguzi ukikamilika baada ya miezi minane mtoto atakuwa ameshalala huko mara 30.

Najua mtaniambia kuhusu haki ya mtoto kuwajua wazazi wake wote. Ipo, na ninaiheshimu. Lakini kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinanukuliwa nusu. Kinasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale inapopingana na maslahi yake bora. Nusu ya pili ndiyo inayoachwa korido. Na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, una neno kali zaidi: ule wa Umoja wa Mataifa unayafanya maslahi ya mtoto kuwa mojawapo ya mambo ya msingi ya kuzingatiwa, wa Afrika unayafanya ndilo jambo la msingi. Mabadiliko ya neno moja, lakini ukiwa mbele ya jaji neno hilo lina uzito.

Niishie hapo kwanza. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.


MAMA WA WAWILI

Dada, nimesoma huku natetemeka. Mimi kesi yangu ya jinai ilifutwa kwa kukosa ushahidi. Wakili wa mume wangu sasa anasema kwa kuwa hakukutwa na hatia, basi kwenye kesi ya watoto suala la kunipiga lisitajwe kabisa. Hivi ni kweli? Maana nimeanza kuamini kwamba labda mimi ndiye ninayekosea.


MLETA UZI

Pole sana, mdogo wangu. Hukosei.

Kesi ya jinai inataka kosa lithibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana, kwa sababu mtu anaweza kufungwa. Kesi ya malezi ni ya madai. Kipimo chake ni kama jambo hilo lina uwezekano mkubwa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa huru kule, na huku jaji akasikiliza ushahidi uleule na kuona kwamba alipiga. Hakuna mgongano, ni mizani mbili tofauti. England walikuwa na mkanganyiko miaka mingi, watu wakidai kwamba tuhuma ikiwa nzito basi na ushahidi lazima uwe mzito kupita kawaida. Mwaka 2008 majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, wakaufunga mjadala: katika kesi za kumlinda mtoto kipimo ni kilekile cha kawaida, hata tuhuma iwe nzito namna gani.

Wala usidhani ushahidi ni alama za mwilini tu. Ukatili mwingi hauachi alama. Kunyang'anywa simu, kunyimwa hela ya matumizi, kufuatiliwa, kutishiwa kwamba "ukiondoka watoto hutawaona". Mahakama ya Rufaa ya England, katika kesi ya H-N ya mwaka 2021, ilionya dhidi ya tabia ya kuchambua tukio mojamoja kwenye jedwali: kofi la Januari, tusi la Machi. Ukilitazama tukio moja linaonekana dogo. Inabidi utazame mwenendo mzima, utawala wa mtu mmoja juu ya mwingine. Kwa hiyo unapoandika hati ya kiapo usilete orodha tupu. Eleza maisha yalivyokuwa: nini kilikuwa kikitokea ukichelewa kurudi, nani alishika hela, watoto walifanya nini akianza kupaza sauti.

Na mwambie wakili wako alete kumbukumbu zote za kesi ya jinai kwenye jalada la watoto. Usidhani mahakama zinapelekeana zenyewe.


BABA ANAYESUBIRI

Mimi nitapinga kidogo. Nina miezi 14 sijamwona mwanangu. Mama yake alisema nilimpiga mtoto. Sikumpiga. Kila tarehe kesi inaahirishwa. Ukisema "usalama kwanza, ziara baadaye", kwa mtu kama mimi maana yake ni kwamba mtu akitaka kuninyima mtoto anatamka neno moja tu, basi. Mnatufikiria na sisi?


MLETA UZI

Kaka, nakufikiria, na nashukuru umeandika bila kumtukana mtu.

Miezi 14 bila uamuzi ni dhuluma. Kama ulimpiga, mtoto alistahili kujua mapema kwamba mahakama imemwamini. Kama hukumpiga, umepotezewa mwaka wa utoto wake, naye amepotezewa baba. Kuchelewa hakumlindi yeyote. Ndiyo maana nilisema uchunguzi uwe wa kwanza, na nisisitize uwe wa haraka. Omba kwa maandishi tarehe ya kusikiliza tuhuma hiyo peke yake. Na wakati unasubiri, omba ziara zinazosimamiwa, mahali penye mtu wa tatu aliyefunzwa. Wanaume wengi wanazikataa kwa hasira, wanaona zinawafanya wahalifu. Nakuelewa. Lakini kila ziara inaandikwa, na maandishi hayo ndiyo yatakayokusemea.

Kuhusu tuhuma za uongo, zipo. Utafiti uliofanywa Kanada kwa takwimu za mwaka 1998, ukachapishwa 2005 na Nico Trocmé na Nicholas Bala, ulikuta kwamba kati ya taarifa zote za kudhulumiwa mtoto zilizochunguzwa, asilimia 4 ndizo wachunguzi waliona zimetungwa kwa makusudi. Palipokuwa na mgogoro wa malezi ikapanda hadi 12. Sitaificha namba hiyo, ni kubwa. Ila itazame na upande wa pili: hata katikati ya ugomvi wa malezi, sehemu kubwa ya taarifa hazikuwa za kutungwa. Na katika zile zilizotungwa, mzazi asiyeishi na mtoto, mara nyingi baba, ndiye aliyeongoza kuliko mama anayekaa naye. Jaji anayeingia chumbani akiwa ameshaamini kwamba wanawake wanadanganya ana kosa lilelile la jaji anayeamini kwamba wanaume wote ni wakatili. Wote wawili hawajamsikiliza mtu aliye mbele yao.


KARANI MSTAAFU

Mleta uzi, umegusa mengi, lakini hujataja hii ya "mama amemlisha mtoto chuki". Niliiona sana miaka yangu ya mwisho kazini. Mama akitaja kipigo tu, upande wa pili unaleta mtaalamu wa kusema mtoto ametenganishwa na baba kwa makusudi. Mwisho wa siku mama ndiye anayenyang'anywa mtoto.


MLETA UZI

Asante mkuu, na hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Wazo hilo lilianzishwa na daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, mwaka 1985. Alilipa jina la ugonjwa, "parental alienation syndrome", kwamba mtoto akimkataa mzazi mmoja pasipo sababu basi ameambukizwa chuki na mwenzake. Halijawahi kukubaliwa kama ugonjwa kwenye orodha kuu za kitabibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliondoa hata neno lenyewe, "parental alienation", kwenye faharasa ya orodha yake mpya ya magonjwa. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, aliandikia Baraza la Haki za Binadamu akizitaka nchi zikataze matumizi ya dhana hiyo katika kesi za familia. Hispania ilikuwa imeshalifanya hilo katika sheria yake ya mwaka 2021 ya kuwalinda watoto.

Je, wapo wazazi wanaowajaza watoto maneno? Wapo, nimewaona, wa kike na wa kiume, na wanawaumiza watoto wao. Lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi, kama kipigo kinavyothibitishwa. Tatizo la dhana ya Gardner ni kwamba inageuza ushahidi kichwa chini. Mtoto akisema anaogopa, hofu yake inakuwa dalili ya ugonjwa. Akilia kwenye makabidhiano, ni mama amemfundisha. Mama akiomba ulinzi, ombi lenyewe linakuwa uthibitisho. Hakuna kitu mtoto anaweza kusema kikasikika. Mtoto akimkataa mzazi, swali la kwanza liwe: amemfanyia nini? Likijibiwa kwamba hakumfanyia kitu, ndipo tutafute sababu nyingine.

Na hapa nigusie mtoto mwenyewe. Kifungu cha 12 cha ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinampa haki ya kusikilizwa. Kumsikiliza hakumaanishi kumuuliza "unamtaka nani?" Nimewaona watoto wakivunjika kwa swali hilo, kwa sababu wanajua jibu lolote ni kumsaliti mtu. Muulize siku yake inaendaje. Nani anamwamsha. Akiumwa anamwita nani. Kitu gani kikitokea anajificha, na anajificha wapi. Halafu nyamaza, mpe muda. Dakika 40 hazitoshi, na mtoto asihojiwe mzazi anayetuhumiwa akiwa amekaa karibu, wala akiwa ameletwa na mmoja wa wazazi ambaye anamsubiri mlangoni.


MAMA WA WAWILI

Swali lingine dada. Hakimu alituambia tutoke nje tukazungumze, tukubaliane. Wakili wangu akasema nisaini, nitaonekana mkorofi nikikataa. Nilikuwa nimesimama na mume wangu korido moja, mita mbili. Nilikuwa siwezi hata kufikiri. Nilisema nipewe siku moja.


MLETA UZI

Ulifanya vizuri mno kuomba siku.

Makubaliano ni kitu chema pale wawili wanapoweza kusema hapana bila kuogopa. Palipo na kipigo, mmoja amefundishwa kwa miaka kwamba hapana ina gharama. Kumsimamisha korido na mtu huyo na kumwambia akubaliane ni kuirudisha nyumba ndani ya mahakama. England, kwa ile sheria yao ya ukatili wa majumbani ya 2021, wamezuia mtuhumiwa wa ukatili kumhoji mwathirika yeye mwenyewe mahakamani katika mazingira mengi, na mwathirika anaweza kupewa pazia, chumba tofauti au njia ya video. Usisubiri kuulizwa. Andika barua kabla ya tarehe, omba chumba tofauti cha kusubiri na muda tofauti wa kuingia na kutoka. Mahakama nyingi zina uwezo wa kupanga hilo hata pasipo sheria maalumu, ni kwamba hakuna anayeomba.

Na rasimu ya makubaliano isome kwa macho ya siku mbaya. "Baba atamchukua mtoto kwa wakati unaofaa" ni sentensi hatari. Nani anaamua unaofaa? Iandikwe siku, saa, mahali, nani anamkabidhi, na kwamba makabidhiano yasifanyike mlangoni kwako. Makabidhiano ndiyo saa ambayo watu wengi wanashambuliwa. Kama una amri ya kukulinda, hakikisha amri ya ziara haiipingi. Nimewahi kuona amri moja inayomkataza mtu asikaribie nyumba na nyingine inayomwambia aje kuchukua watoto hapohapo. Polisi walipofika hawakujua waitii ipi.

Jambo moja zaidi, na ni gumu. Amri ikitoka hujaipenda, usimfiche mtoto na usikae kimya. Rudi mahakamani siku hiyohiyo, omba isimamishwe au irekebishwe, kata rufaa. Ukiivunja, mjadala utahama kutoka kwa aliyekupiga kuja kwako. Kama kuna hatari ya papo hapo ni suala lingine, mpeleke mtoto mahali salama, piga simu polisi, kisha mahakamani bila kuchelewa, na uandike kila ulichofanya na saa ulipokifanya.


BABA ANAYESUBIRI

Nimeomba ziara zinazosimamiwa. Nilikuwa nimekataa mara mbili. Tutaona.


MLETA UZI

Kaka, asante kwa kurudi kutuambia. Siku ya kwanza usimuulize kuhusu mama yake wala kesi. Mpelekee kitu mlichokuwa mnafanya pamoja, hata kama ni mchezo wa kitoto alioupita umri. Acha yeye ndiye asogee.


MAMA WA WAWILI

Tumetoka sasa hivi. Sikusaini. Hakimu amesoma kumbukumbu za kesi ya kwanza, amesema atasikiliza madai ya kipigo kwa siku mbili mfululizo mwezi ujao, na mpaka hapo baba yao atawaona kwenye kituo, kwa muda wa saa mbili kila Jumamosi, msimamizi akiwepo. Mkubwa ana miaka 8, ananiuliza hakimu amesema nini. Nimwambieje?


MLETA UZI

Usimwambie nani ameshinda, maana hakuna. Usimuahidi kwamba mambo yatakwisha hivi au vile. Mwambie hivi: "Hakimu bado anatusikiliza. Wewe huna la kuchagua. Jumamosi utamwona baba, kutakuwa na mtu mzima mwingine muda wote, na usiku utalala hapa."

Halafu akiuliza tena kesho, mwambie maneno yaleyale.